Nilipokea Isale la Ng'ombe, Sasa Wanataka Nisamehe na Breki

Anti Digna mpendwa, shikamoo. Nimebanwa pande zote na naomba uninasue kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu, maana hapa kwetu kila ninayemuuliza ana lori, au ana ndugu mwenye lori, na jibu lake nalijua kabla hajafungua mdomo.

Mimi ni mke wa mtu huku Mwika, tunalima kahawa na ndizi, na kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne, mwezi wa pili mkutano wa kijiji ulinichagua niwe mjumbe wa wananchi kwenye kamati inayosimamia ruzuku ya usalama wa malori. Ruzuku hiyo inatokana na ile barabara ya kulipia ambayo serikali imeingia ubia na kampuni. Kila gari linalopita langoni kule chini linatozwa, na sehemu ya tozo inarudi kwa wenye malori ya mlimani ili watengeneze breki na kununua matairi, kwa sababu malori yetu yanashuka na ndizi kama mawe yaliyosukumwa. Ni wazo zuri kabisa, hata usharikani lilitangazwa tukapiga makofi.

Shemeji yangu Godlove, mdogo wake mume wangu, ana Fuso, naye akapewa ruzuku. Anti, sitamsingizia kwamba alikunywa pombe, pesa ilikwenda yote kwenye gari. Fuso ilipakwa rangi mpya ya bluu, ikafungwa honi ya upepo inayoimba wimbo mzima mpaka kiitikio, ikatiwa mapazia yenye vishada, na juu ya kioo cha mbele fundi akaandika kwa herufi kubwa MUNGU NDIYE BREKI YANGU. Nilipomuuliza breki zenyewe ziko wapi alicheka sana, akasema, "Shemeji, na shule yako yote hujui kusoma? Si zimeandikwa pale mbele?"

Mwezi wa nne akaja afisa wa mradi, kijana anaitwa Jesse, amevaa kizibao kinachong'aa, kukagua malori yaliyopata ruzuku kwenye uwanja wa shule ya msingi. Lori la kwanza likaja, likajaribiwa breki, likasimama vizuri nikafurahi, likazunguka nyuma ya vyoo vya shule, likaja la pili nalo likasimama vizuri, ila lilikuwa limebonyea mlango wa kushoto palepale kama lile la kwanza na juu yake kafungwa mbuzi mweupe mwenye sikio moja, na la tatu nalo likaja na mlango wake na mbuzi wake, hapo ndipo nikaelewa kwamba ni lori moja linabadilishwa vibao vya namba kule vyooni, na kijiji kizima tumekaa kwenye nyasi tunaangalia, watoto wanamshangilia mbuzi kila anapotokea. Nikamsogelea Jesse nikamwambia kwa sauti ya chini, "Afisa, hili lori ni moja." Akaniangalia kama nimemwomba nauli, akasema, "Mama, sisi tunakagua namba, hatukagui mbuzi." Baada ya hapo wenye malori wakaleta mtori na nyama, kamati ikala, nami nikala, na Fuso ya Godlove ikafaulu breki bila kuwapo uwanjani, maana siku hiyo ilikuwa Himo na mzigo.

Jumamosi tarehe 14 mwezi wa sita, Fuso hiyohiyo ilikuwa inashuka na mikungu ya ndizi, na wifi yangu Loveness, dada yao Godlove na mume wangu, amekaa juu ya mzigo kama anavyokaa kila siku ya soko, kwa kuwa yeye ni mchuuzi wa ndizi. Kwenye kona iliyo juu ya nyumba yetu breki zikakataa, dereva akaona heri akate kuingia kwenye kihamba chetu, shamba la hapo nyumbani, kuliko kwenda mtoni, ikavunja uzio wa masale, ikalaza migomba, ikaingia bandani ikamuua ng'ombe wetu wa maziwa akiwa bado anacheua. Honi ilikuwa imekwama, ikaendelea kuimba. Loveness tulimtafuta tukimlilia, akatoka kwenye migomba ana majani kichwani na jino limevunjika, akasema, "Nyamazeni bwana, leo nimepanda ndege bure." Tukacheka na kulia pamoja.

Kesho yake Godlove akaja na mama mkwe wangu, ameshika isale, lile jani la kuombea msamaha na kijiti chake, limefungwa fundo, akasimama mlangoni hakukaa, akasema, "Shemeji, nimekuja kwa ajili ya ng'ombe. Nimekukosea." Anti, wewe ni wa huku, unajua isale likishaletwa halikataliwi. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikasamehe kwa moyo wote, akaahidi kuleta ndama. Jumanne yake Fuso ilivutwa ikatolewa, ikanyooshwa bampa, Jumamosi ikapakia tena, na Loveness juu.

Sasa imetangazwa kwamba wakaguzi wa serikali wanakuja kuona kama ule ubia unafanya kazi, watakaa uwanjani palepale Ijumaa hiyo, na mjumbe wa wananchi atasimama mbele ya watu aseme kama malori yalitengenezwa au hayakutengenezwa. Mjumbe huyo ni mimi. Godlove alipopata habari alikuja jikoni bila hodi, akasema, "Shemeji, si ulishanisamehe? Isale si unalo?" Nikamwambia lile lilikuwa la ng'ombe, akasema, "Ng'ombe aliuawa na nini? Na breki. Basi umesamehe na breki." Mama mkwe naye anasema, "Mwanangu, ulilipokea kwa mikono miwili, sasa unataka kulirudisha kwa mdomo?" Wenye malori wengine wananiuliza malori yakizuiliwa langoni kwa ubovu ndizi zangu nitazishusha kichwani. Na mume wangu Eliufoo, ambaye alimchimbia kaburi ng'ombe yule kwa mkono wake, anasema, "Mama Given, breki ni za Godlove, lakini aibu itakuwa yangu."

Nikisema ukweli nimelitemea mate isale, na huku kwetu jambo hilo hufuata mtu mpaka kwa watoto. Nikinyamaza, Loveness anapanda tena juu ya mikungu. Isale bado liko kwenye kopo la maji dirishani, halijanyauka. Naomba uniambie nifanye nini.

Mama Given, Mwika

ANTI DIGNA ANAJIBU

Marahaba, Mama Given. Pole kwa ng'ombe. Pole zangu zimeishia hapo, sasa nisikilize.

Mimi nimezaliwa Uru, na isale sikufundishwa na wageni. Anayelileta husimama mlangoni na kutaja kosa alilotenda. Shemeji yako alitaja. Alisema "ng'ombe". Hakusema breki, hakusema ruzuku, hakusema uwanja wa shule. Wewe ukasamehe ng'ombe, ukafanya vyema, na deni hilo la moyo limekwisha hata kama ndama hajaonekana, na naona hajaonekana. Lakini kuanzia Kwa Sadala mpaka huko kwenu hakuna mzee wa ukoo anayeweza kukufungia jani kwa ajili ya ajali ya Jumamosi ijayo. Hayupo anayesamehewa jambo ambalo bado anaendelea kulifanya. Godlove alikuja na isale Jumapili, na Jumamosi iliyofuata akapakia dada yake juu ya gari lilelile. Aliyelitemea mate ni nani?

Huyo Godlove nimemwelewa. Alipata pesa ya kuzuia gari, akanunua kelele. Angalau ajali zake zina kwaya. Na yale maandishi ya kwenye kioo, mwambie Mungu hakuomba kazi hiyo. Mtu anayemwandika Mungu mahali pa breki hajamtukuza, amemtafutia Mungu lawama mapema ili siku ya msiba yeye abaki mhudhuriaji.

Jesse naye ni msomi. Pale langoni kwenye barabara yenu ya kulipia, lori moja likipita mara tatu linalipa mara tatu, hata kama kuna ukungu, hata kama limepakwa matope kwenye kibao. Uwanjani kwenu, lori moja likipita mara tatu linakuwa malori matatu. Ubia wenyewe ndio huo: macho yote yamewekwa mahali pa kupokea, na mahali pa kutoa amewekwa kijana mwenye kizibao kinachong'aa, ambacho ndicho kifaa pekee cha usalama nilichokiona katika barua yako yote.

Nawe usifikiri nimekusahau. Ulichaguliwa kwenye mkutano, mbele ya watu, kwa mikono iliyonyooshwa. Ulipomwona mbuzi mara ya tatu ulikwenda kunong'ona. Unamnong'oneza nani? Kijiji kizima kilikuwa kinaona, watoto wanashangilia, na mtu pekee aliyepewa ruhusa ya kusema kwa sauti akaongea kama anayeomba chumvi kwa jirani. Kisha ukala mtori. Mtori ulikuwa wa moto bila shaka, na mdomo wenye mtori hauna nafasi ya kusema mambo mengine.

Kuhusu ndizi kuozea shambani, hao wenye malori wasikutishe. Watu waliompata fundi wa honi inayoimba mpaka kiitikio watampata na fundi wa breki, wakishaona lango limefungwa. Watampata haraka mpaka utashangaa.

Sasa fanya hivi. Kabla ya Ijumaa nenda kwa mama mkwe wako, usiende na Eliufoo, nenda na Loveness na jino lake lililovunjika. Mwamkie vizuri, kaeni, umweleze utakalosema uwanjani, ili asilisikie mara ya kwanza kwenye kipaza sauti. Usimwombe ruhusa. Muulize jambo moja tu: siku ile Godlove akiwa mlangoni na isale mkononi, alitaja nini? Yeye alikuwapo. Mama mtu mzima hawezi kudanganya juu ya isale mbele ya binti yake. Eliufoo mwache na aibu yake, itapungua akizoea.

Ijumaa simama, useme kwa sauti inayofika vyooni. Usimtukane shemeji, usihutubie. Eleza ulichokiona, lori moja na mbuzi mmoja, kisha waombe wakaguzi mambo mawili. La kwanza, malori yote yaliyopewa ruzuku yasimame uwanjani kwa saa ileile, ubavu kwa ubavu, mbuzi hata kumi wakitaka. La pili, yale yatakayosemwa kuwa yametengenezwa yapakiwe ndizi, yapandishwe juu ya kona ya nyumbani kwako, na wote waliosema breki ni nzuri, Jesse akiwa wa kwanza, wakae juu ya mikungu pale anapokaa Loveness, washuke. Atakayekumbuka ghafla kwamba ana kikao mjini, amekwisha kujibu. Na akitokea mmoja akaanza kupanda kwa ubishi, mteremshe wewe mwenyewe, maana naye ni mtoto wa mtu.

Lile isale litoe kwenye kopo. Halikuletwa liwe ua la dirishani. Kama halijanyauka basi linataka udongo, kalipande kwenye pengo la uzio pale Fuso ilipopita, na Godlove akishike kijiti wewe ukifukia. Hapo utakuwa umelitunza kuliko wote wanaolitaja.

Limebaki moja, na hili halingoji wakaguzi. Kati ya leo na Ijumaa kuna siku ya soko. Nenda nyumbani kwa Loveness alfajiri, kabla hajapanda juu ya ndizi, umshike mkono mpaka gari liondoke bila yeye. Nenda kwake, nimesema. Usimsubiri barabarani ukidhani utaipungia Fuso mkono isimame.