Ile "E" ya Wino Mwekundu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Leo sokoni wameupiga tena. Kwa singeli! Wimbo wa mume wangu, wimbo wa mapenzi wa kuvuta taratibu, wameukimbiza mpaka maneno yanakanyagana. Nasema-nasema-nasema-usiniache-usiniache. Usiniache wapi? Kwa mbio hizo nani anaachwa?

Muuza spika kaniona, kapunguza sauti. Eti heshima. "Shikamoo, Mama Nasema!" Marahaba, nikamwambia, ama ongeza ama zima kabisa, usinifanyie nusu nusu. Kazima. Wateja wake wakanuna. Na wanune.

Mama Nasema! Miaka arobaini na ushee Kilwa Masoko nzima inaniita hivyo. Jina langu Kadija, nimefundisha Kiswahili mpaka nikastaafu, lakini nani ana habari. Mimi ni yule aliyeimbiwa wimbo. Basi.

Nimerudi, Bakary yuko barazani kwenye kiti chake. Umeusikia? nikamuuliza, maana sauti ilifika mpaka huku. Akasema, "Eti." Ndilo neno pekee alilobakiziwa na kiharusi, mwaka wa pili huu. Eti ya kukubali, eti ya kukataa, eti ya kutaka uji. Mtu aliyetunga wimbo unaojulikana mpaka chekechea — eti.

Alhamisi, 7 Agosti

Amina kapiga simu kutoka Lindi. Mwanangu huyu hawezi kukaa bila kunipangia mambo. Eti kuna mtangazaji wa Dar, anaitwa Salome, anatengeneza kipindi cha historia ya wimbo wa baba yake. Ulivyotungwa, ulivyopigwa mara ya kwanza, na wote waliokuja kuufanyia kava.

Kava! Kava ni ya godoro.

Nikamwambia baba yako hawezi kelele, anachoka. Akasema ameshakubali kwa niaba yetu. Tena, mama, watu wanataka kujua baba alikutungia lini, alikuona wapi, ilikuwaje. Amina akadhani mtandao umekata, akawa anaita haloo, haloo. Nikamwacha aite.

Jumamosi, 9 Agosti

Huyo Salome kanitumia maswali kwenye WhatsApp. Swali la tatu: kati ya waliorudia wimbo, Mwalimu anampenda nani zaidi?

Nampenda nani! Nimekaa nikawapa alama, kama zamani.

Wa taarabu, wa mwaka tisini na nne: amechukua wimbo wa kumbembeleza mtu, kauchomekea beti za kumsuta jirani. "Nasema, nasema, na wa ukuta wa pili asikie." Ndiyo watu wakamtunza, wakagaragara. Thelathini kwa mia, na hizo ni za sauti.

Yule wa bongo fleva mwenye mikufu minne. Kasema "beibi" mara kumi na moja, nilihesabu. Bakary aliandika kwamba mtu katembea kwa miguu kutoka Nyangamara. Huyu kaweka ndege kutoka Dubai. Anayeshushwa na ndege njia ya kupotelea anaitoa wapi? Kumi.

Kwaya ya jirani yangu Theresia wameugeuza wa dini. "Nasema, Bwana, usiniache njiani." Nilipomwambia Theresia mmeiba, kacheka, akasema lakini Mwalimu, kwetu umekaa. Ni kweli umekaa, sitaki tu kumwambia. Angalau wanajua kuvuta pumzi. Sitini.

Tangazo la sabuni ya unga — "nasema, nasema, usiache doa shatini". Sifuri! Sifuri na mzazi wake aitwe shule.

Hakuna hata mmoja anayeweza ule mwanzo. Bakary alikuwa anaishika ile "Naaa" anaivuta, anaivuta, mpaka watu kwenye meza wanaacha kutafuna, ndipo anaiachia. Wengine wote wanaikatisha upesi.

Na ule wa kwanza kabisa, uliopigwa Lindi mwaka sabini na nane? Salome anauliza kama nina kanda. Sina. Hana mtu. Ulipigwa redioni mara mbili, kisha sijui walirekodia nini juu yake. Wote hawa wameiga ule wa pili, wa bendi ya Dar, wa themanini na mbili. Nimemjibu: haupo, pole.

Tena afadhali.

Jumatano, 13 Agosti

Nimefungua sanduku la bati kutafuta picha ya bendi ya Bakary ya Lindi. Nikaikuta karatasi. Nilijua ipo. Miaka yote najua ipo chini ya vyeti.

Niandike tu, daftari hili hasomi mtu.

Mwaka themanini na mbili bendi ya Dar waliomba maneno ya wimbo kwa barua. Tulikuwa na miaka miwili ya ndoa, nina mimba ya Amina, miguu imevimba. Bakary akaandika kwa mkono wake, wino wa buluu, akanipa nihakiki herufi. Mwalimu si ndiye mimi.

Aliandika hivi:

Nasma, Nasma, usiniache njiani,
mimi mgeni, njia siijui.

Nasma. Ni jina la mtu. Nasma wa Kitomanga, ambaye Bakary alimfuata kwa miguu akakuta kaozwa kwingine. Bendi yake nzima walijua. Mimi nilijua. Nilipoolewa nilijiambia wimbo ni wimbo. Lakini sasa unataka kwenda Dar, unataka kupigwa nchi nzima, kila redio itaje jina la mwanamke yule na mimi nimekaa nasonga ugali!

Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi, nasahihisha imla ya darasa la tatu. Nikachomeka e. Katikati ya s na m. Mara nne, palipo na jina lake pote. Nasema, nasema, usiniache njiani. Ikakaa vizuri kabisa! Ndiyo ubaya wake. Hata kosa halionekani.

Nikanakili safi karatasi nyingine. Bakary akazichukua zote mbili akaziangalia, muda mrefu. Nikasubiri aseme. Akasema, "Mwalimu ndiye anayejua." Akaikunja ile safi, akailamba bahasha mwenyewe. Tangu siku hiyo hakuimba vinginevyo. Kwa upendo, kwa aibu, au kwa kuogopa ugomvi na mjamzito, sijui. Sikuuliza. Miaka arobaini na mitatu sijauliza.

Basi wa taarabu, wa mikufu, Theresia na kwaya yake, hata wa sabuni — wote wameinakili kwangu. Nami nimekaa nawapa alama.

Jumapili, 17 Agosti

Salome kaja. Kiatu cha kisigino kwenye kokoto zetu, maikrofoni imevalishwa sponji, na fundi mitambo wake, Alex, bwana mzima lakini haongei mpaka aulizwe. Nilikuwa nimejiandaa kumdharau. Kampigia Bakary magoti, shikamoo baba, kamshika ule mkono uliopooza wala hakushtuka. Kaharibu mpango wangu.

Halafu anasema walianzia Lindi, njiani wamepita Kitomanga, wamemhoji Mzee Alfani.

Alfani! Mpiga ngoma wa bendi ya Bakary. Nilidhani kashakufa. Nikajifanya nakoroga chai.

Akaniwekea sauti ya Alfani kwenye simu. Salome anamuuliza, mzee, tuimbie kidogo. Alfani akaimba, sauti ya kukwaruza. "Nasma, Nasma, usiniache njiani." Wazi! Wazi kama adhana! Salome akatabasamu, akaniambia maskini mzee, meno ya mbele hana hata moja, "nasema" inamtoka "nasma".

Wakacheka. Nikacheka na mimi. Ndiyo, nilicheka.

Mbele kidogo Alfani anasema, mwenyewe kafariki mwaka juzi, wala hakuwahi kusikia redio ikimtaja. Salome akaniuliza, mwenyewe nani? Nikasema mwenye bendi. Akaandika.

Kumbe Nasma kafa. Sikujua. Nilimwona mara moja tu maishani, kwenye harusi, kavaa khanga za kijani, wakaupiga wimbo wenye e yangu, akainuka akaenda nje. Nilifurahi siku ile. Leo chai imenishinda kunywa.

Wakati wa kuondoka Salome akauliza kama mzee huwa anaimbiwa. Amesikia kuna wagonjwa wa kiharusi wanashindwa kusema lakini kuimba wanaweza. Nikamwambia nyoo, daktari wa redio!

Lakini Bwana Ignasi, yule wa mazoezi pale hospitali, aliniambia maneno hayo hayo mwaka juzi. Mwimbie, mama. Mwimbie nyimbo zake mwenyewe, kila siku, maneno yanaweza kurudi kwa njia hiyo. Nikamwambia nitafanya.

Sijamwimbia hata siku moja. Gitaa nimelifunga khanga nikaliweka juu ya kabati. Wimbo ukija redioni nazima, nawaambia watu anachoka. Hachoki! Mimi ndiye ninayeogopa. Kasahau jina la Amina, kasahau langu. Nikimfungulia mlango huo, jina litakalotoka kwanza nalijua.

Miaka miwili mume wangu ni bubu kwa sababu ya wivu wangu. Sifuri mpe Kadija.

Jumanne, 19 Agosti

Asubuhi, wakati wa uji, nikajikaza nimwimbie. Nikafungua kinywa, ukatoka wimbo wa kuhesabu wa darasa la kwanza. Mwoga mkubwa! Moja na mbili, twende shambani...

"Tatu," akasema Bakary.

Tatu! Si eti. Tatu, kwa sauti, kwa mahadhi yake, tena kanitazama kama mwanafunzi aliyepata. Nikakimbilia jikoni nikalia mpaka uji ukapoa.

Nimempigia Salome. Rudini, nimesema. Mje na nyuzi mpya za gitaa.

Alhamisi, 21 Agosti

Saa nne asubuhi. Niko chumbani. Nimewaambia natafuta miwani. Miwani ninayo usoni.

Wako sebuleni, kati yetu pazia tu. Gitaa nimelishusha mwenyewe, vumbi likanipalia. Alex kalivalisha nyuzi. Theresia naye kaja, kajikalisha bila kualikwa, kisa jirani. Nimemwambia Salome jambo moja: msimwekee wimbo wa mtu yeyote. Wala msimtajie neno. Pigeni gitaa tupu tuone.

Karatasi nimeitoa sandukuni. Iko hapa kwenye goti. Buluu yake, nyekundu yangu. Nilikuwa nimejipanga — akitaja jina lile mbele yao, natoka nayo, nawaonyesha, nasema ndiyo, ni jina la mtu, mimi ndiye niliyemfuta. Lakini aanze yeye. Mimi peke yangu siwezi kuanza.

Alex anaanza. Si mbaya. Taratibu, ndivyo.

Kimya cha Bakary. Alex anarudia pale pale. Tena.

Amefungua. Naaa — ni yeye! Anaivuta! Mtume, sauti imezeeka lakini pumzi ile ile. Nakata roho hapa nilipo.

"—sema. Nasema, usiniache njiani."

Nasema.

Kasema nasema! Theresia anapiga vigelegele. Salome anapaza sauti, "Mwalimu, njoo! Mzee anasema! Anasema!"

Kaimba vile nilivyomsahihisha. Ugonjwa umechukua jina la mwanawe, umechukua langu, chumvi haijui kwa jina, na ile e yangu ya wivu imebaki. Hapana. Haikubaki yenyewe. Ameishika. Miaka yote hii, mimi nauogopa mdomo wake, kumbe mwenzangu anachunga tu asiniumize. Na Nasma wa watu kalala Kitomanga, wala hakusikia hata mara moja.

Salome anaita tena. "Mwalimu, tuhakikishie maneno, tunarekodi!"

Naweza kutoka nikasema ndiyo, maneno ni hayo hayo. Wataondoka na furaha. Nitabaki Mama Nasema mpaka kaburini.

Nimejibu. Sikutoka, nimejibu kutoka hapa hapa kitandani, kwa sauti ya darasani, mpaka nimejishtua. "Bakary! Umekosa mwanzo. Toa e yangu. Rudia!"

Theresia kakata vigelegele. Salome anauliza taratibu, e gani?

Nasikia kiti cha Bakary kinalia, anajisogeza mbele. "Eti?" anasema. Hii ya kuuliza. Hii ni mpya.

"Rudia, bwana wangu," nimesema. "Kama ulivyoandika."

Gitaa. Alex kaanza bila kuambiwa.

Naaa —

Anavuta. Bado anavuta.