Mkuyu niliouweka nyuma ya pazia

Jumapili, 18 Agosti 2013
Glenwood, Durban

Tangu alfajiri unavuma ule upepo wa moto unaoshuka kutoka milimani. Saa nne asubuhi kipimajoto changu kilisoma digrii ishirini na nane, na huu ndio unaitwa msimu wa baridi. Mtu anaweza kuishi Durban miaka kumi na tano, kama nilivyoishi mimi, asijue baridi inafanya kazi gani.

Leo nimemrudishia Mama Béa miti yake. Aliniachia mitatu. Miwili iko hai.

Mama Béa anasuka nywele katika saluni moja Albert Park. Ametoka Bukavu. Tulifahamiana nilipoandika habari za wapangaji waliokuwa wakifukuzwa katika jengo lao, na urafiki ukabaki baada ya habari kusahaulika. Marehemu mumewe alikuwa mlinzi wa mlangoni, na katika saa zake za kukaa bure alijifunza kutunza bonsai, miti iliyofundishwa kubaki midogo ndani ya sahani. Mkubwa kati yake ulikuwa mkuyu. Aliuchomoa katika ufa wa ukuta wa jengo walilofikia mwaka walioingia nchi hii, ukiwa na majani mawili. Akalitoboa mashimo bakuli la bati, akaupanda humo, akaukunja kwa nyaya za shaba alizomenya kutoka waya wa umeme wa zamani. Alipofariki ulikuwa na urefu wa mkono wangu mpaka kiwikoni, na shina nene kama shingo ya chupa.

Mwezi wa sita Mama Béa alienda kumzika mama yake. Akaniachia miti kwa sababu, alisema, mimi ni mtu wa kuandika kila kitu, sitasahau maji.

Wiki tatu baadaye nikatumwa Kokstad kufuatilia kesi ya ardhi. Kokstad iko juu, saa tatu kwa gari, na usiku huko huanguka sakitu, ile barafu nyembamba inayofanya nyasi zionekane kama zimemwagiwa chumvi. Ningeweza kuwaachia majirani miti hiyo. Sikuwaamini. Nikaipakia kwenye kiti cha nyuma.

Sikwenda kichwa kichwa. Nilimuuliza muuza miche mmoja hapa Glenwood, kisha nikathibitisha kwa kitabu cha maktaba, maana chanzo kimoja si chanzo. Vyote viwili vilisema jambo lilelile: mikuyu hii haipukutishi majani, inabaki kijani mwaka mzima, na haiwezi sakitu hata ya usiku mmoja. Iwekwe ndani. Isikaribie hita. Maji kidogo. Mwanga mwingi, yaani dirishani.

Nikaiweka dirishani. Kingo ya dirisha la chumba changu cha kupanga ilitosha mti mmoja tu, nikaupa ule mkubwa. Niliona ndiyo nafasi ya heshima. Miwili midogo niliiweka juu ya kiti, katikati ya chumba.

Kila jioni niliporudi kutoka mahakamani nilivuta pazia. Lilikuwa pazia zito, la sufu, mwenye nyumba alilishona mwenyewe. Nililivuta kwa sababu mimi nilikuwa nasikia baridi. Mkuyu ukabaki upande wa pili, kati ya pazia na kioo.

Nilinunua kipimajoto. Nilikitundika ukutani karibu na kitanda, na kila asubuhi nikaandika daftarini: kumi na mbili, kumi na moja, kumi na mbili. Namba zilikuwa sahihi kabisa. Zilikuwa za mahali ambapo mti haukuwepo.

Muuza miche hakunitajia pazia. Kitabu nacho hakikutaja. Nadhani kila aliyekulia penye baridi anajua kwamba pazia hulinda chumba na kukiacha kioo kipambane peke yake. Mimi nimekulia Mwanza. Kwetu pazia ni la kuzuia jua na macho ya watu.

Tarehe 14 Julai nilifungua pazia nikakuta majani yamekuwa meusi na laini, kama majani ya chai yaliyochemshwa. Miwili ya kwenye kiti ilikuwa salama, ilidondosha majani machache tu. Usiku uliofuata nilikiweka kipimajoto nyuma ya pazia. Asubuhi kilikuwa chini ya sifuri.

Hilo ni kosa, na kosa naweza kulibeba. Kinachofuata ndicho kinachonikalisha hapa.

Nilikwangua gome kwa ukucha, kama kitabu kilivyoelekeza. Matawi yote yalikuwa kahawia ndani. Lakini chini, karibu na udongo, gome lilikuwa bado kijani. Niliandika hivyo daftarini, na tarehe.

Tarehe 17 Mama Béa akapiga simu kutoka Bukavu. Nyuma yake nilisikia watu wa matanga wakiimba. Akaniuliza miti iko aje.

Nikasema, "Mizuri. Inapumzika."

Kwa miaka ishirini na mbili nimewabana wasemaji wa serikali kwa kusema maneno kama hayo. Nalijua neno linalochaguliwa ili lisiwe uongo kamili. Nilijiambia ana msiba, nisimwongezee mwingine. Sababu ya kweli ni kwamba sikutaka kuwa mtu aliyeua mti wa mumewe, na kwa muda wote ambao hakujua, sikuwa bado mtu huyo.

Aliposafiri kurudi nilishafika Durban. Nikaumwagilia mkuyu kila siku, kinyume na nilivyoambiwa, kwa sababu kumwagilia kulifanana na kufanya kitu. Udongo ukaanza kunuka. Wiki iliyopita nilienda kwenye kitalu kimoja nikasimama muda mrefu mbele ya mkuyu uliofanana nao kwa kimo na unene. Sikuununua. Natamani kuandika kwamba ni dhamiri. Ni kwamba ule wetu ulikuwa na alama za waya kwenye shina, na angejua mara moja.

Leo saa tano nilisimamisha gari mbele ya jengo lake. Akashuka na kitenge cha matanga, mikono wazi.

"Papa jurnaliste! Umekonda hivi. Kule Kokstad hawapike?"

Nilianza hotuba niliyoiandaa njiani. "Mama Béa, kabla hujatazama, kuna jambo ambalo ilinipasa kukueleza mapema, na ningependa uelewe kwamba mazingira..."

"Sema mufupi. Hapa haiko radio."

"Mmoja umekufa. Ule mkubwa."

Alifungua mlango wa nyuma wa gari. Alikwangua gome juu, akakwangua katikati, akakwangua chini kabisa. Kahawia, kahawia, kahawia. Jirani yake Solange alikuwa ameegemea roshani ya ghorofa ya kwanza, akacheka: "Eish, Mama Béa! Papa amekuletea kuni ya kupikia?"

"Nyamaza, Solange." Hakuinua kichwa. Kisha kwangu: "Ilianza siku gani?"

"Tarehe kumi na nne, mwezi wa saba."

"Na siku nilipiga simu?"

"Kumi na saba."

"Siku ile, huku chini, ilikuwa bado kijani?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Nikasema ndiyo, ilikuwa kijani, niliandika.

Halafu akanieleza bila kupandisha sauti, kama anayemweleza mteja kwa nini nywele zake zimekatika. Mwaka fulani mumewe alikwenda na mti huohuo Johannesburg kwa kazi ya miezi miwili, ukapigwa na baridi, ukawa mweusi kama huu. Walikata juu yote, wakabakiza kisiki. "Tukaitia mu mufuko ya plastiki, tukaifunga, tukaiweka nyuma ya frigo, pale kwenye moto ya motere. Mwezi moja, ikatoa macho." Frigo ni jokofu, na macho ni vichipukizi. "Ungeniambia tu. Ningekuambia ile siku, mu telefone. Iko kazi ya dakika tano."



Kwa hiyo baridi ya Kokstad iliua matawi. Kisiki nilikiua mimi, kwa neno moja, kisha kwa maji. Nimejaribu mchana huu kuipanga habari hii kwa namna nyingine na ushahidi haukubali.

Lifti ya jengo lao haifanyi kazi. Nilipanda ngazi mpaka ghorofa ya nne na miti midogo miwili, mmoja kila mkono. Mama Béa alitangulia na lile bakuli la bati, amelikumbatia, akipumzika kila ghorofa. Niliomba nilibebe. Akasema, "Hapana, papa. Hii nitabeba." Hakuwa mkali. Alinipa soda, akaniuliza kesi imefikia wapi, akasikiliza jibu lote. Nilipotoka bakuli lilikuwa juu ya meza, mti ukiwa ndani, na hakuna aliyekuwa ameutaja tena.

Desemba anasafiri kwenda harusi ya mdogo wake. Sijui miti miwili iliyobaki atamwachia nani. Nimejiuliza tangu nifike nyumbani kama ataniomba mimi.

Ningekuwa yeye, nisingeniomba.