Maji ya Miguu ya Mama

Baba Theresia,

Ugali umo chunguni. Mbuzi watoe mwenyewe, usingoje malaika.

Asubuhi mama yangu alipobisha hodi, miguu imejaa matope ya barabara ya Wajerumani aliyolazimishwa kuichimba, ulimwambia akae nje asikuchafulie sakafu, eti unatafakari Injili. Injili ipi, mwalimu wa dini? Ile ya Yesu kuwaosha wanafunzi wake miguu! Wiki nzima unafanya mazoezi ya kumshikia Padre karai Alhamisi Kuu, akiwaosha wazee miguu ambayo wake zao watakuwa wameshaisugua nyumbani. Mkweo mmoja mwenye matope amekushinda. Na hiyo sakafu yako iko kwenye ardhi ya ukoo wake.

Basi nami nimetafakari, kwa akili yangu ya jikoni. Nikachota maji, nikamwosha. Alicheka, kisha akalia.

Namsindikiza kwake Mgeta. ~~Nitarudi kesho.~~ Nitarudi moyo ukipoa.

Kuku wafungie mapema.

Karai lako la mazoezi liko mlangoni, na maji ya miguu yake yangalimo. Yatafakari kwanza, ndipo uyamwage.

Mama Theresia