Jumanne Tatu Bila Teksi

Yeyo,

Wewe, mama yangu, ndiye ulinifundisha barua huanza kwa kuuliza hali ya mtu. Yako sitauliza. Ya kwetu ni hii: nimechoka, lakini tuko. Nase amelala usingizi wake wa mchana hapa kwa mkeka, ameshika shuka yako nyekundu. Ukijaribu kumtoa anakunja uso vile wewe ulikuwa unakunja.

Iko kitu nataka kukuambia. Karibu niharibu kazi yako yote.

Unakumbuka siku tulisikia kuna mpango wa teksi, mtu mwenye ulemavu analipa nusu ya nauli na msaidizi wake anabebwa bure? Ulisema hayo ni mambo ya watu wa Nairobi. Halafu asubuhi, mimi nikiwa nimeenda kufua nguo za watu, ukajifunga shuka ukaenda Kajiado peke yako. Ukarudi na kadi. Naserian, mtoto. Na chini yake jina lako, msaidizi. Kwa picha ulikuwa umefunga mdomo kabisa. Ukaniambia, "Ofisi haionyeshwi meno."

Tangu hiyo siku, kila Jumanne Karanja wa teksi alikuwa anasimamisha gari jeupe hapa kwa geti, mtaa mzima wa Noonkopir unajua mnaenda mazoezi ya miguu. Mlikuwa mnagombana kutoka hapa mpaka Kajiado. "Karanja, hiyo redio yako inalia kama mbuzi ameshikwa na waya." Na yeye, akikuita nyanya kwa Kimaasai chetu, "Sawa koko, nitaizima, lakini basi uimbe wewe." Ukaimba. Nase akacheka, mate yakamwagika kwa kiti, Karanja akasema kiti ni cha kuoshwa.

Halafu ukaondoka.

Jumanne ya kwanza baada ya mazishi nilipiga simu kuitisha teksi. Msichana akauliza vizuri tu, "Jina la msaidizi aliye kwa kadi?" Yeyo, mdomo ulikataa. Wewe mwenyewe ndiye ulinilea hivyo, jina la mtu akishaondoka halitajwi. Pasta anasema hayo yalikuwa ya zamani, lakini hata yeye sijawahi kumsikia akitaja jina la baba yake. Msichana akasema, "Halo? Madam?" Nikakata simu.

Jumanne ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu hata sikupiga. Nilijua ninaweza kwenda ofisini wabadilishe, waandike jina langu. Lakini walisema kadi ya zamani inarudishwa, na hiyo ndiyo picha yako ya pekee niko nayo. Nikawa naiweka ndani ya Biblia, naitoa, naiweka. Nauli yote siwezi, na Nase sasa ni mzito. Tukakaa.

Siku moja nikimvalisha suruali, goti halikukunjuka. Alilia, Yeyo. Goti lile ulilifanyia kazi miaka miwili, mafuta na mikono yako.

Jioni hiyo Karanja akaja mwenyewe kubisha. "Mama Nase, kwani mlinunua gari?" Nikamweleza, na mimi nalia kama mjinga. Alivua kofia. Akasema, "Mimi leo naweza kumbeba bure. Na wiki ijayo? Na mwaka ujao? Enda ubadilishe hiyo kadi, mama." Nilimkasirikia. Alikuwa anasema ukweli.

Kwa hivyo nikaenda. Kijana wa ofisi akauliza jina la msaidizi wa kwanza. Nikaweka kadi juu ya meza, nikaisukuma mbele yake. Akarudia. Nyuma yangu kulikuwa na mzee Mmaasai wa kiti cha magurudumu, alikuwa ametoka Oltepesi, akamwambia, "Wewe kijana, si uko na macho? Soma. Huyo hawezi kukutajia." Kijana akasoma kimyakimya. Akaandika jina langu. Kisha akachukua kile chuma cha kutoboa karatasi, na mimi nikafunga macho.

Alitoboa pembeni, Yeyo. Uso wako hakuugusa. Akanirudishia, akasema, "Hii haifanyi kazi tena. Kaa nayo."

Picha yangu kwa kadi mpya, nimefunga mdomo.

Jana ndiyo ilikuwa Jumanne. Nilimbeba Nase vile ulinionyesha, mkono mmoja chini ya kichwa, mwingine chini ya magoti, maana ulikuwa unanipigia kelele, "Si gunia la mahindi hilo!" Gari jeupe likaingia. Na mjukuu wako, ambaye maneno yake hayajaza kiganja, akanyoosha mkono kwa gari akasema, "Koko!"

Nilidhani anakutafuta. Lakini tulipofika na kushuka, Karanja akizungusha gari aende, Nase akalipungia mkono: "Koko." Kumbe hivyo ndivyo anaita teksi, na mimi sikujua kwa sababu sikuwahi kupanda na nyinyi. Karanja alizima redio.

Pumzika sasa, Yeyo. Goti lile nitalikunjua tena, nakuahidi, na hakuna Jumanne nyingine nitamwacha hapa kwa mkeka. Jina lako sitalitaja. Nase atakuita kila wiki, pale kwa geti, kwa sauti.

Wako,
Mama Nase