Zenoni Pia Hushikana

Suna, Migori.
17 Agosti 2025.

Mpendwa binti yangu Trizah,

Pokea salamu za mwalimu wa kemia. Mimi niliyeacha shule darasa la tano nimemfundisha mwanao Emmaculate gesi adimu zote sita, sasa anamshinda hata mwalimu wake.

Haya, nimedanganya. Yeye ndiye ananifundisha, na ananipa sifuri. Lakini salamu ni za kweli. Huko Doha u mzima? Joto halijakukausha? Unalala vizuri? Sisi tuko salama. Goti langu linalalamika kama kawaida yake, na mama yako ana kikohozi, ila sauti ya kunigombeza haijapungua hata kidogo.

Emmaculate yuko likizo. Jumatatu ijayo anarudi shuleni Homa Bay, na Novemba ni mtihani wa kidato cha nne. Ameninyang'anya ubao wangu wa ajua, lile bao letu la mbegu, mashimo ndiyo nyumba za elektroni, mbegu ndizo elektroni. Shimo la kwanza linatosha mbegu mbili tu, hiyo ni heliamu, imeshiba. Mbili na nane ni neoni. Mbili, nane na nane tena, agoni. Mimi mchezaji wa ajua nikiona shimo lina nane mkono unawasha, nikazizoa zote. Akanichapa vidole, mimi babu yake.

"Kwara, acha wizi! Hiyo imejaa. Haichukui, haitoi."

"Sasa inaishi na nani?"

"Na nafsi yake. Haihitaji mtu."

Nikasema basi hizo ni gesi za ukoo wa shemeji zako wa Awendo, zinakuja harusini na hazicheki. Na yeye hakucheka. Alipanga mbegu polepole, akasema, "Hata mimi ni agoni, Kwara."

Nyara, binti yangu, nisikilize. Sasa nikwambie ukweli. Hizo simu zako ambazo hazipokelewi tangu Desemba, usilaumu mtandao. Anaziona, anaziacha zilie. Uliahidi kuja nyumbani, naye alikuwa amefagia chumba chako, akakutandikia kitanda, halafu ukasema tajiri wako amekunyima ruhusa. Najua si kosa lako. Hata yeye anajua, lakini kujua hakujamsaidia.

Juzi nikamchokoza, nikamuuliza kama gesi zote sita zina maringo sawa. Akasahau kununa. Eti ukishuka kwenye orodha yao, toka heliamu kwenda chini, atomi zinanenepa. Mbegu za nje zinakaa mbali na kiini, na zile za katikati zinaukinga mvuto wake, kwa hiyo ya nje ni rahisi kung'oka. Ndiyo maana zenoni, ya tano kati ya hizo sita, pamoja na kujaa kwake, hukubali kushikana na florini.

"Imejaa na bado inashikana?"

"Ndiyo. Watu walidhani haiwezekani."

"Na hicho kiini, mbegu ikiwa mbali hivyo, kinaacha kuivuta?"

"Hakiachi, Kwara. Kinavuta, ila kwa shida."

Akabaki na mbegu kiganjani muda mrefu. Nilikuwa na mzaha mzuri sana mdomoni, nikaumeza.

Mama yako anakusalimu, anasema usitembee juani kichwa wazi. Jirani yetu Ondieki naye anakusalimu. Nyasaye, Mungu wetu, akufunike, akulindie mikono yako na kazi yako. Jeff wa duka la simu atapiga picha karatasi hii akutumie leo hii.

Lakini kuna kitu unanidai, au tuseme ninakudai. Ukiwa darasa la sita ulivunja mtungi wa mama yako, nikamsingizia mbuzi. Mbuzi alichapwa, mimi nikabeba dhambi, nawe ukaapa utanilipa siku moja. Nilipe Jumamosi, saa kumi. Piga simu yangu, si yake, nami nitamwekea sikioni. Usianze na msamaha, wala usiulize habari za mtihani. Muulize zenoni ni nini, kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize.

Baba yako akupendaye,
Zablon