Mwayo wa saa nane mchana

Kagoma, Jumamosi usiku

Mama mkwe hakuamini. Alfajiri senene, wale panzi wa kuliwa, walikuwa wamejaa kwenye majani ya kibanja chetu cha migomba, na aliyemgongea mlango ni mimi. Tangu nianze hizi dawa za kuniweka sawa akili, huwa naamka jua limeshapanda, mwili mzito kama gunia la kahawa.

Tulikaa jikoni tukiwanyonyoa mabawa. Nilicheka, niliongea, nikaimba. Ghafla akaacha kunyonyoa, akaniangalia.

“Mwanangu, dawa umekunywa?”

Iliniuma. Nilikunywa jana jioni, saa ile mpya niliyopangiwa na daktari ili asubuhi niamke mwepesi. Lakini nami niliingiwa na hofu. Nilipougua mara ya kwanza nilianza hivihivi, kwa furaha, kisha usingizi ukapotea kabisa, na sikuchoka hata kidogo.

Saa nane mchana, beseni la senene likiwa nusu, nikapiga mwayo mrefu. Halafu mwingine.

Mama mkwe akacheka. “Nenda kalale.”

Nimelala hadi jioni. Uchovu huu ninaoulalamikia kila siku ndio ulioniambia leo kwamba furaha ni yangu, si ya ugonjwa. Bado ninayo hapa ninapoandika, na macho yanajifumba.