Maman Eulalie Alimukatia Anaclet Simu

Nyota, kaa chini kwanza. Anaclet wetu wa informatique, fundi wa kompyuta, leo amejifungia inje 😂

Asubuhi, akiwa kijijini Mumosho, alituma ile script yake mupya, programu ya ulinzi, kwa serveur, kompyuta kubwa ya bureau, huku Bukavu. Wiki mbili anajisifu: "Itaweka ulinzi yenyewe, mwizi hataingia." Kweli kabisa. Ilifunga milango yote, na yeye mwenyewe ikamuacha inje, juu alisahau kujiandika kwa liste ya wenye ruhusa!

Bureau nzima ikakatika mtandao. Na Papa Directeur anangojea wageni saa ine!

Dawa ilikuwa moja tu: mutu wa huku aandike mustari moja kwa ile serveur. Na serveur iko kwa reception, kwa Maman Eulalie mwenye kupokea wageni. Ameifunika kitambaa ya kushona, na sanamu ya Bikira Maria juu.

Simu ya Anaclet ilikuwa imezimika. Akaazima ya muuza samaki, sauti inakatikakatika: "Maman, ni mimi wa informatique. Andika hivi…"

Maman akakata.

Anaclet akarudia. Maman akakata tena!

Mara ya tatu Maman akamuambia: "Sikia, Papa. Anaclet mwenyewe alitufundisha kwa formation: mutu akipiga simu, anasema ni wa informatique, anaomba uandike kitu, huyo ni mwizi. Kata."

AKAKATA, Nyota!!

Anaclet alipanda pikipiki mbio, vumbi mpaka kwa kope. Anaingia, anakuta Directeur na wageni wanamupigia Maman makofi kwa kumukatia mwizi simu.

Maman akamuona: "Anaclet! Ulikuwa wapi? Leo nimekulindia serveur."

Masikini, naye akapiga makofi.